Nyumba ya miti na udongo: kwa nini ya kwetu inaanguka mbio, na ya Uingereza ina miaka 600?

Toka Oicha kupanda Eringeti kwa barabara ya taifa numero 4, pembeni kuko nyumba za aina tatu. Kuko za matofali ya kuchoma na manjanja, si mingi. Kuko za miti na udongo ambamo watu wanaishi. Na kuko zile zilizobaki nguzo tu: udongo umeshuka chini, paa halipo, majani yameota mahali palipokuwa kitanda. Wenyewe walikimbilia Oicha, Beni, Komanda, wengine mbali zaidi, na kila msimu wa mvua unaopita, nyumba inarudi kidogo porini.

Wengi wetu tunaona hilo ni jambo la kawaida. Udongo ni udongo, tunasema, ile nyumba ilikuwa ya muda tu. Hata kwenye makaratasi ndivyo inavyoandikwa. Anayekuja kuhesabu nyumba ana fishi yenye safu tatu: nyumba za diraburu, za semi-diraburu, na mwisho zile zisizo diraburu, maana yake zisizodumu. Nyumba ya miti na udongo inaingia safu ya mwisho, na siku ya kuhesabu hasara, safu ya mwisho ndiyo inayopewa bei ndogo kuliko zote.

Ndugu msikilizaji, hilo neno “zisizodumu” tulichunguze kidogo. Kuko nyumba moja ya mkulima huko Uingereza, jina lake Bayleaf. Ilijengwa kwa miti, fito, na udongo uliochanganywa na majani makavu na kinyesi cha ng'ombe, mwanzoni mwa karne ya 15. Mpaka leo imesimama, watu wanaingia na kutoka. Waingereza hawakuwa na udongo wa ajabu, na mvua kwao haikosekani. Basi tofauti iko wapi?

Tuanze kwetu.

Nyumba ya Eringeti inavyosimama

Fundi anapima kiwanja kwa kamba na vijiti. Anachimba mashimo, moja kila hatua moja au pungufu, na kusimamisha nguzo. Halafu anafunga fito za kulala, upande wa ndani na wa nje, kwa kamba za porini, au siku hizi kwa misumari. Ukuta unakuwa kama kikapu kikubwa. Juu yake inakuja sharpanti, kisha paa. Paa likiisha ndipo udongo unakanyagwa na maji, na siku ya kukandika majirani wanaitana: mama wanachota maji, vijana wanakanyaga, watoto wanarusha matonge mpaka nao wanakuwa na rangi moja na ukuta. Ukuta ukikauka unapasuka, unakandikwa mara ya pili. Mwenye nguvu anamalizia na udongo mweupe.

Angalia vizuri ule mpango: paa kwanza, udongo baadaye. Wazee hawakuupanga ovyo. Udongo mbichi hauvumilii mvua hata siku moja, lakini ukiwa chini ya paa zuri unaweza kukaa miaka na miaka bila kudai kitu. Nyumba hii kazi yake yote ni kukinga maji, na tutaona kwamba pale inapoanguka, karibu kila mara ni kwa sababu maji yamepata njia.

Zamani paa lilikuwa la majani. Ndani ya msitu huu, jani la kufunikia ni mangongo, lile jani pana ambalo mama anafungia chikwange na samaki. Wambuti wanajenga nalo kibanda chao cha mviringo: mwanamke anakunja miti myembamba, anaifuma, kisha anapachika majani yakilaliana kama magamba ya samaki, na kwa masaa machache tu familia iko na kwao. Nyumba ya pembe nne ya kando ya barabara ni nyingine. Ina chumba, ina jiko mbali kidogo, na mbele au pembeni ina baraza. Jina hilo baraza lilikuja na Kiswahili chenyewe kutoka pwani, njia ile ile iliyowaleta Waungwana wa Manyema ndani ya msitu wa Ituri katika miaka ya 1880. Stanley alipopita msitu huu mwaka 1887 aliwakuta kwenye mto Ituri, watu wa Ugarrowwa na Kilonga-Longa, wakifanya biashara ya pembe za ndovu na mambo mengine mabaya zaidi.

Baadaye Wabelgiji wakafungua barabara, na vijiji vilivyokuwa ndani vikaamriwa kutoka na kujipanga kandokando yake, ili kodi na kazi za lazima zifuatwe kwa urahisi. Ndiyo sababu mpaka leo nyumba zetu ziko kwenye mstari, na mashamba yako mbali, nyuma, saa moja au mbili kwa miguu. Hapa tunatofautiana kabisa na Mwingereza. Nyumba yake ya shamba iko katikati ya shamba. Sisi tunalala barabarani na kulima porini, na tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuenea katika teritwari ya Beni, kila mtu hapa anajua safari hiyo ya kwenda shamba imegharimu nini.

Manjanja yalivyofupisha upenu

Kulikuja manjanja, na kila mtu aliyafurahia. Hayashiki moto, hayavuji mpaka misumari ilegee, na maji yake ya mvua yanateremka safi kwenye ndoo. Lakini yalibadilisha kitu kimoja ambacho si wengi wamekitazama.

Paa la majani lilikuwa linashuka chini sana. Mgeni alipaswa kuinama aingie. Upenu, yaani ile sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta, ulikuwa mrefu, kwa sababu majani ni ya bure na kuongeza mikono miwili hakukudai franka. Manjanja yananunuliwa kwa hesabu, moja moja. Kama una manjanja 20 na nyumba inadai 24, unafanya nini? Unakata upenu. Leo nyumba nyingi zimevaa kofia ndogo kuliko kichwa. Mvua ya upepo inapiga ukuta moja kwa moja, na yale maji yanayoteremka kwenye manjanja yanaanguka pale pale chini ya ukuta, yanachimba mfereji, yanarusha matope juu mpaka magotini. Ukipita kijijini baada ya mvua kubwa, utaona ule mstari mwekundu uliochafuka chini ya kila ukuta. Nyumba inaliwa kuanzia hapo.

Halafu kuko moshi. Chini ya paa la majani moto uliwaka, moshi ukapita polepole katikati ya majani na miti, ukayapaka masizi. Wadudu hawayapendi masizi hayo, na joto linakausha paa kila siku. Ndiyo maana paa la jiko linadumu kuliko paa la nyumba ya kulala. Kwa kifua cha mama na mtoto moshi huo ni sumu, hilo lazima tuliseme, na hatumwambii mtu arudishe moto chumbani. Lakini jambo hili linaeleza kitu ambacho wakimbizi wanakishangaa wakirudi: nyumba iliyoachwa bila moto inaoza kwa mwendo mwingine kabisa. Hakuna moshi, hakuna anayeziba ufa mdogo, hakuna anayebomoa njia ya mchwa asubuhi kwa ufagio. Misimu miwili mitatu ya mvua inatosha.

Mti unaozea wapi?

Ng'oa nguzo ya nyumba iliyoanguka, uitazame. Juu, karibu na paa, mti ni mzima, pengine mgumu kuliko siku ulipokatwa. Chini kabisa, kwenye ncha iliyokuwa ndani ya shimo, mara nyingi kuna nguvu bado. Umekatika wapi? Pale pale udongo unapokutana na hewa, kiganja kimoja juu na kiganja kimoja chini.

Sababu yake ni hii. Mti unaozeshwa na kuvu, na kuvu ni kitu chenye uhai: kinataka maji na kinataka hewa, vyote viwili pamoja. Mti uliokauka chini ya paa una hewa ila hauna maji, hauozi. Mti uliozama kabisa mtoni una maji ila hewa ni kidogo, unakaa miaka mingi. Lakini mguu wa nguzo kwenye udongo wa Eringeti, ambako hakuna kiangazi kirefu, una maji na hewa siku zote. Ongeza mchwa, ambao wanapanda kutoka chini kimyakimya ndani ya mti bila kuonekana.

Kuko na jambo la pili, la mti wenyewe. Kila mti mkubwa una sehemu mbili: ile ya nje, nyeupe, inayopandisha maji, na kiini cha ndani, cheusi zaidi, ambacho mti umekijaza utomvu na dawa zake. Kiini ndicho kinachodumu. Nguzo nyembamba tunazotumia, iwe ya eukaliptusi ya miaka mitatu au mti wowote mchanga wa porini, karibu yote ni sehemu nyeupe. Hata kama jina la mti ni la heshima, ukiukata ukiwa mtoto bado haujaweka dawa ndani. Tembu, ambao ng'ambo ya Semliki huko Uganda wanauita muhimbi, unasifika kwa ugumu, lakini sifa hiyo ni ya kiini chake. Watu wanachoma ncha ya nguzo motoni au wanaipaka mafuta machafu ya motere. Hiyo inachelewesha kidogo. Haibadilishi mahali mti ulipowekwa.

Uingereza nao walikuwa wanaanguka

Sasa twende Uingereza, na tusianze na nyumba ya Bayleaf. Tuanze na zile ambazo hazipo.

Huko Suffolk, mahali panapoitwa West Stow, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua kati ya 1965 na 1972 kijiji cha wakulima wa karne ya 5 mpaka ya 7. Nyumba hata moja hawakuikuta. Walikuta mashimo: madoa meusi kwenye mchanga, yamejipanga kwa mstari, mahali nguzo zilipokuwa zimesimikwa na kuozea humo humo. Kwa karne na karne mkulima wa Uingereza alijenga kama sisi, nguzo ndani ya shimo, na alijenga tena na tena katika maisha yake. Yeyote anayedhani wazungu walizaliwa ndani ya nyumba za mawe aende atazame yale mashimo.

Mabadiliko yalikuja polepole, katika karne ya 12 na ya 13. Mafundi wakaacha kuchimba shimo. Wakajenga kwanza ukuta mfupi wa mawe, wa kufika kwenye goti au chini yake. Juu ya mawe wakalaza gogo lililochongwa, kama kizingiti kinachozunguka nyumba nzima, na juu ya gogo hilo ndipo wakasimamisha nguzo. Mguu wa nyumba ukatoka ndani ya udongo. Basi. Tangu hapo majengo ya miti yakaanza kubaki. Huko Essex, mahali panaitwa Cressing Temple, kuko ghala la shayiri la miti lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 13, na bado lina paa juu yake.

Lakini nguzo ikitolewa shimoni inaleta shida mpya, na hapa fundi wetu ataelewa mbio. Nguzo iliyosimikwa inajisimamia yenyewe. Nguzo iliyowekwa juu ya jiwe, upepo ukija unaisukuma. Kwa hiyo Waingereza walilazimika kujifunza kufunga nyumba yote kama meza: nguzo inaingia kwenye gogo la chini kwa ulimi na tundu, inaingia kwenye gogo la juu vivyo hivyo, na kwenye kona unawekwa mti wa mshazari unaozuia nyumba isilale upande. Viungo vinafungwa kwa vijiti vya mti mgumu, bila misumari. Fundi alichonga kila kipande kikiwa chini, akakiwekea alama ya namba, ndipo akakipandisha.

Alama hizo zinatuleta Bayleaf. Nyumba hii ilikuwa Chiddingstone, katika jimbo la Kent. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya maji ilitaka kufunga bonde na kufanya bwawa kubwa, Bough Beech, na nyumba ilikuwa ndani ya eneo hilo. Mwaka 1968 na 1969 mafundi waliifungua kiungo kwa kiungo, wakaibeba mpaka jimbo la Sussex, kwenye makumbusho ya majengo ya vijijini yanayoitwa Weald and Downland, na kuisimamisha tena. Mti wa mwaloni uliokatwa karibu miaka 550 kabla ulikubali kurudi mahali pake. Wengi wetu tumeona pikipiki inayokimbia na manjanja, mlango na madirisha juu yake, mtu ameokoa alichoweza. Hebu fikiria sharpanti na nguzo nazo zingeweza kufunguliwa hivyo.

Ndani, katikati, kuko sebule moja kubwa iliyo wazi mpaka kwenye paa, na moto unawaka sakafuni katikati yake. Hakuna bomba la moshi. Moshi unapanda na kutafuta njia juu, na miti ya paa imekuwa meusi kwa masizi. Madirisha hayana vioo, ni nafasi zenye vijiti vya kusimama na ubao wa kufungia usiku. Upande mmoja vyumba vya kuweka chakula na vinywaji, upande wa pili chumba cha mwenye nyumba, na ghorofa ndogo juu yake. Mama wa Eringeti akiingia pale asingepotea: mwanga mdogo, harufu ya moshi, udongo chini ya miguu.

Na ukuta? Kati ya nguzo za mwaloni wamesimamisha vijiti, wamefuma fito, wamekandika pande zote mbili kwa udongo, majani makavu na kinyesi cha ng'ombe. Majani makavu yanashika udongo usipasuke sana, kinyesi kinaufanya unate na ukatae maji kidogo. Juu yake chokaa. Ukuta huu si ndio unaobeba nyumba. Udongo ukianguka sehemu moja, wanakandika tena sehemu ile, nyumba haijui. Kwetu pia ndivyo ilivyo, nguzo ndizo zinazobeba. Tofauti ni kwamba nguzo zao hazigusi ardhi, ni za kiini, nene kama paja la mtu mzima, na paa la vigae limeteremka kufunika kila kitu.

Nani alijenga hivyo, na kwa nini wakati ule?

Tusidanganyane. Bayleaf haikuwa nyumba ya maskini. Ilikuwa ya mkulima mwenye mashamba yake, mwenye kuuza mazao na kumlipa fundi wa mbao. Vibanda vya vibarua wa enzi ile havipo tena, tunaona tu zilizobaki na tunasahau zilizoanguka.

Hata hivyo kuko swali: kwa nini nyumba kama hizi zilijengwa kwa mamia katika Kent kati ya mwisho wa karne ya 14 na mwanzo wa karne ya 16, si kabla? Mwaka 1348 tauni iliingia Uingereza na kuua labda mtu mmoja kati ya watatu, pengine zaidi. Waliobaki walipata ardhi zaidi, na mshahara wa kibarua ukapanda. Tena katika Kent desturi ya ardhi ilimlinda mkulima kuliko sehemu nyingi: haikuwa rahisi kumfukuza, na watoto wake walirithi. Mtu anayejua kwamba wajukuu wake watalala hapo anakubali kumlipa fundi kwa miezi mingi. Anayedhani atafukuzwa mwaka ujao anachimba shimo, anasimika nguzo, anamaliza kwa wiki mbili.

Hapa mkulima wa Eringeti ana haki ya kutuambia: mnanifundisha mawe, lakini mimi nani atanihakikishia kesho? Sheria ya ardhi ya Kongo, numero 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, inasema udongo ni mali ya Serikali. Kuhusu ardhi zinazokaliwa na jamii za vijijini kwa desturi zao, sheria hiyo ilisema ordonansi ya Rais itakuja kupanga haki zao. Miaka makumi ikapita bila ordonansi hiyo kutoka. Kijijini, kinachoonyesha kwamba hapa ni kwa fulani ni ushuhuda wa shefu na majirani, mimea iliyopandwa, na nyumba. Nyumba ikiyeyuka na majirani wakitawanyika, vinabaki vitu vichache sana vya kuonyesha. Kwa hiyo mguu wa nguzo unaooza hauhusu mbao peke yake.

Wapanda-kahawa wa enzi ya ukoloni walikuwa na karatasi, na nyumba zao zilionyesha: fondasio ya mawe iliyoinuliwa, baraza pana linalozunguka, paa linalotokeza mbali. Moja ambayo wengi wameisikia iko karibu na Nairobi, nyumba ya mawe iliyojengwa mwaka 1912, ambamo Karen Blixen wa Denmark alikaa na shamba lake la kahawa mpaka lilipofilisika mwaka 1931. Denmark iliitoa zawadi kwa Kenya mwaka 1964, na tangu 1986 ni makumbusho. Kwetu mambo yalipita njia nyingine. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zairianizasyo, plantasyo za wageni zikapewa wazaliwa, wengi wao watu wa mjini wasiojua kahawa. Halafu ugonjwa wa kunyausha kahawa, trakeomikoze, ukamaliza robusta ya eneo letu, na watu wakageukia kakao. Nyumba kubwa ya matofali isiyo na mwenyewe inafunguliwa kama ile ya miti: kwanza manjanja, kisha milango, kisha matofali yenyewe. Kudumu si kazi ya matofali peke yake.

Mtu anaweza kufanya nini na alichonacho?

Anayejenga upya sasa hivi, hata kwa mfuko mdogo, anaweza kuanza na mawe. Mawe ya mtoni ni ya jasho zaidi kuliko ya franka. Ukuta mfupi wa mawe wa sentimeta 30 mpaka 50, gogo la kiini juu yake, na mti wa mshazari kwenye kila kona: bila huo mshazari, tafadhali usiinue nguzo kutoka shimoni, upepo wa kwanza utakulaumu. Kama manjanja hayatoshi, ni afadhali kupunguza chumba kuliko kupunguza upenu. Upenu wa sentimeta 70 unafanya kazi kubwa kuliko rangi yoyote. Chini yake chimba mfereji unaopeleka maji mbali.

Na krepisaje ya simenti juu ya ukuta wa udongo? Tunaiona kila mahali, inapendeza mwaka wa kwanza. Lakini udongo unavimba na kunywea kwa unyevu, simenti haifuati. Inapasuka, maji yanaingia kwenye ufa na hayapati njia ya kutoka, udongo nyuma yake unakuwa uji, na siku moja kipande kizima cha ukuta kinashuka. Pesa ya mifuko ile ya simenti ingenunua manjanja matatu zaidi. Udongo upakwe udongo, au chokaa kama inapatikana.

Kwa nyumba iliyosimama tayari, ambayo juu ni nzima na miguu imeanza kulainika, hauhitaji kubomoa. Mafundi wa Uingereza wanaokota nyumba za karne nyingi kwa njia hii, na fundi yeyote wa hapa anaiweza. Weka tegemeo imara chini ya gogo la juu, pande zote mbili za nguzo unayotaka kutibu. Ondoa udongo wa ukuta sehemu ile ya chini tu. Kata mguu uliooza mpaka ukute mti mzima, ule ambao panga likigonga linalia. Jaza shimo kwa mawe na changarawe, shindilia sana, weka jiwe bapa, na juu ya jiwe kipande kipya cha kiini kilichoungwa na nguzo ya zamani kwa mkato wa mshazari mrefu, kifungwe sehemu mbili. Kandika. Ondoa tegemeo siku ya pili. Kabla ya kugusa nguzo ya kwanza, pigilia miti ya mshazari kwenye kona zote, kwa sababu kila mguu unaotoa ardhini unaipunguzia nyumba ushiko wake. Usikate nguzo mbili jirani kwa wakati mmoja, na za kona ziache mwisho, ukishakuwa na mikono ya watu wanne.